Maillot ya Irlande hapa Shituru

Leo muzungu alikataa kuvaa maillot yetu ya mupira!

Équipe yetu ya vétérans, sisi wazee wa mupira, ilikosa muntu moja. Tukamuomba Monsieur David, fundi anayetengeneza pompe ya maji ku Mulungwishi. Nikamupa maillot ya kijani ya Irlande, tuliyonunua mu balo ya mitumba ku soko.

Akaishika tu.

“Papa Kabeya, minye ni Muprotestanti wa Irlande ya kaskazini. Kwetu hii ni ya Wakatoliki, wale tuligombana nao sana. Baba yangu haikubali mu nyumba.”

Eh! Sisi tulipenda rangi tu.

Nikamuonyesha capitaine Mwansa.

“Yule ni Mukatanga. Minye ni Mukasai. Wakati Wakatanga walikuwa wanatufukuza sisi Wakasai hapa, baba yake ndiye alituficha ku nyumba yake. Leo tunavaa maillot moja.”

Mwansa akamuita kwa nguvu: “David, tunakungojea weye!”

Akaivaa.

Bandugu, tulifungwa vibaya sana! David ndiye aliwaachia wapinzani bao ya mwisho, na bado watu walimupigia makofi mpaka ku barabara.

Minye natembea Shituru kifua mbele, kama vile tulishinda.

Kwenu, rangi gani inaleta maneno? Andikeni hapa.