Kuni Juu ya Marumaru

Watu wa Same mjini ukiwasimulia baridi ya huku juu milimani wanacheka, wanadhani unatia chumvi. Hata mimi niliyezaliwa huku nilikuwa nimeisahau. Zaidi ya nusu ya maisha yangu nimetengeneza magari kando ya barabara kuu, mahali ambapo jua linapasha bati mpaka unalisikia likilia. Kijijini kwetu nilikuwa napanda Desemba tu, sikukuu, anga safi, kila mtu ana nguo mpya. Kwa hiyo nilipoamua kurudi kuishi na mama kwenye kiwanja cha marehemu baba, nikajenga nyumba kama za Same mjini. Madirisha mapana ya aluminiamu yanayotazama bondeni upande wa Ndungu. Dari ndefu. Marumaru nyeupe kuanzia barazani mpaka chooni. Jikoni, gesi.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na jiko la mama, chumba cha udongo chenye mafiga matatu na uchaga wa kukaushia kuni juu ya moto, kuta zake nyeusi kwa masizi ya miaka yote aliyotupikia. Nililibomoa kwa mikono yangu. Nilitaka mtu akiingia getini aone nyumba tu.

Mama alisimama pembeni akiangalia. Akaniuliza, "Na makande nitapikia wapi?"

"Mama, umepika vya kutosha," nikamwambia. "Sasa ni zamu yako kupikiwa."

Akasema ahsante. Ile ahsante niliirudia kwa watu wengi.

Kipupwe kilipoingia, ukungu ulishuka kutoka msituni ukakaa. Hauondoki asubuhi kama nilivyozoea kuona Desemba. Unakaa mpaka unasahau mlima wa pili uko upande gani. Manyunyu juu yake. Shati ukilianika leo, keshokutwa bado ni bichi, na sasa linanuka. Chumvi ikageuka uji ndani ya kopo. Kuvu ikaanza kwenye pembe za dari, madoa meusi madogo, nikawa nayafuta na kitambaa na yanarudi. Marumaru zile ukikanyaga bila soksi ubaridi unapanda mpaka gotini. Mimi na mke wangu tukawa tunakula tumevaa makoti, tunalala saa mbili usiku kwa sababu kitandani ndiko kwenye joto. Makande hatukupika kabisa. Yanataka moto wa nusu siku, na mtungi wa gesi kuupata ni mpaka uteremke Same kwa barabara yenye utelezi.

Mama hakulalamika. Kila siku akishakunywa chai alijifunga vitenge viwili, akachukua fimbo yake na kusema, "Naenda kusalimia." Anarudi jioni. Nilifurahi kumwona na nguvu hivyo. Rafiki yangu wa mjini aliponipigia simu, nilimwambia mama yangu baridi haimtishi, anatembea kutwa nzima.

Jumamosi moja mchana nikasikia wimbo wa dini getini. Nilidhani ni wageni wa maombi, nikakimbilia ndani kuvaa koti zuri. Nilipotoka nikakuta akina mama wa usharika wetu wamejaa uani, kila mmoja na mzigo wa kuni kichwani. Kuni kavu, zilizofungwa vizuri.

Kiongozi wao, mama wa makamo aliyesoma darasa moja na dada yangu, akanisalimia kwa heshima zote. "Tumemletea mama kuni," akasema.

Kazi ile naijua. Kila kipupwe akina mama wa kanisa wanawapelekea kuni wazee wasio na mtu wa kuwatafutia: wajane, mgonjwa aliyeachwa peke yake, mzee ambaye watoto wake walipotelea mijini. Mama yangu mwenyewe alikuwa akienda nao alipokuwa na nguvu. Sasa walikuwa wamesimama mbele ya nyumba yenye geti jekundu, nyumba ambayo vijana wanapiga picha mbele yake, na mimi, mtoto wa mwenye kuletewa kuni, nilikuwa nimesimama pale na koti langu.

Wakatafuta pa kuziweka. Macho yao yakaenda nyuma ya nyumba, mahali palipokuwa jiko, wakaona majani tu. Basi wakazipanga barazani, juu ya marumaru. Maganda na udongo vikamwagika. Binti mmoja aliinama akaanza kupangusa kwa ncha ya khanga yake, nikamwambia aache, aache tu, na sauti yangu ikatoka kali kama vile nimemkasirikia.

Kisha wakaomba. Wakamwombea mama apate joto. Hakuna aliyenisema vibaya, afadhali wangenisema.

"Yeye ametoka kidogo," nikasema baada ya amina. "Amekwenda kusalimia."

Wakatazamana. Kiongozi akashusha sauti. "Yuko hapo kwa jirani, baba. Ndiko anakoshinda, jikoni kwao, tangu baridi ianze."

Walipoondoka nilimgeukia mke wangu. "Ulijua?"

"Nilidhani na wewe unajua," akasema. "Nilidhani umeamua kunyamaza."

Nilitoka nikapanda njia ya kwa jirani. Kabla sijafika mlangoni nilisikia kicheko cha mama. Nikasimama kwenye manyunyu nikikisikiliza, maana nyumbani kwangu sikuwa nimekisikia. Nilipoingia alikuwa ameinyoosha miguu karibu na moto, bakuli la makande mapajani. Aliponiona aliacha kucheka. Akaliweka bakuli chini haraka, akajifuta mdomo, kama mtoto aliyekutwa na sukari ya watu.

"Nilipita mara moja tu," akasema. "Nilikuwa narudi."

Mwenye nyumba, mama mtu mzima kuliko mimi, akasogeza kigoda. "Shikamoo mama," nikamwambia, na sikuweza kumtazama usoni. "Marahaba mwanangu, sogea motoni." Nikasema nina haraka. Haraka ya nini, sikujua.

Njiani nilimshika mama mkono kwa ajili ya utelezi. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Nyumba ni nzuri. Kila mtu anasema ni nzuri."

Jioni ile nikaingiza jiko la mkaa sebuleni na kufunga madirisha yote, nimwonyeshe kwamba joto lipo. Baada ya muda kichwa kikaanza kuniuma, mama akawa anasinzia vibaya. Mke wangu akafungua mlango kwa kishindo, akalibeba lile jiko akalitupa uani kwenye majani mabichi. "Utatuua!" akasema. Ni kweli.

Jumatatu nikaanza kujenga jiko jingine, palepale pa zamani. Mikono yangu inajua nati na spana; udongo wa mvua haiujui. Ukuta wa kwanza uliteleza ukalala. Siku iliyofuata wanaume wa jirani wakaja na majembe bila kuitwa, na hakuna aliyeniuliza kwa nini nilibomoa la kwanza. Tukalikandika jiko upya. Lilipoisha lilikuwa limeinama upande mmoja na linavuja mlangoni, na kipupwe kilikuwa kinaelekea ukingoni. Moto wa kwanza tuliuwasha kwa zile kuni za akina mama.

Mama alikaa kando ya ule moto siku nzima, akausifia. Kesho yake, akishakunywa chai, akachukua fimbo.

"Mama, si jiko lipo?"

"Lipo, na moto wako ni mzuri," akasema. "Lakini kule nimezoea maongezi."

Akatoka. Nikabaki mlangoni nikimtazama akiingia kwenye ukungu, na mara hii nilijua anakokwenda. Jumapili kanisani akina mama wale hunipa mkono kama kawaida, wananiuliza hali ya nyumbani. Nawajibu salama, macho yangu yakiwa kwenye viatu vyangu.