Baba, Vidonge na Mkoromo Wake

Baba yangu ni dalali wa ng'ombe hapa Garsen, na sokoni kwetu bei haitajwi kwa mdomo. Watu wawili wanashikana mkono chini ya shuka, wanaminyana vidole, na kila kidole kina maana yake. Walio karibu wanaona shuka tu ikitikisika.

Sasa mwaka huu Baba alilala katikati ya bei. Amesimama wima, mkono uko ndani ya shuka, macho yamefumba. Kichwa kikamwangukia kifuani, vidole vikaminya, na mnunuzi mmoja kutoka Bangale akapiga kelele, "Nimekubali! Mashahidi mmeona!" Fahali wa watu nusura aende kwa bei ya mbuzi. Wazee wakakaa, biashara ikavunjwa kwa sababu mtu aliyelala hauzi. Soko zima lilicheka. Lakini wenye ng'ombe walianza kusema watafute dalali aliye macho, na hiyo haikuwa ya kucheka.

Mimi nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani nangoja chuo, na kungoja ni kitu sijui. Nikamwambia Baba, "Wewe unakosa usingizi usiku. Nenda upewe dawa, ulale, yaishe." Akaenda na Mama mpaka Malindi, akamwambia daktari halali vizuri, wakarudi na vidonge. Nilifurahi kama nimevitengeneza mimi.

Siku mbili alimeza, na asubuhi akaamka mzito kuliko zamani. Nikasema dawa bado haijaingia mwilini. Siku ya tatu hakukuwa na soko. Alitoka sala ya adhuhuri akasema hata jioni ni mbali, anataka kulala sasa hivi. Maji ya kumezea kidonge nilimletea mwenyewe.

Alilala chali kwenye mkeka barazani, na mkoromo ukaanza. Mkoromo wa Baba tumeuzoea, hata kuku hawashtuki. Nikatoa simu nirekodi, nimtumie kaka yangu aliye Hola acheke. Ghafla kimya. Nikadhani ameamka. Naangalia, kifua kinapanda na kushuka lakini puani hakutoki kitu. Kwenye simu sekunde zinaenda. Kumi. Ishirini. Kwa kawaida hunyamaza kidogo halafu hujishtua mwenyewe kwa kishindo, na sisi hucheka. Safari hii hakujishtua. Thelathini. Nikatupa simu nikamtikisa kwa mikono miwili, "Baba! Baba!" Akavuta hewa kama mtu aliyetolewa mtoni. Macho yakafunguka nusu, akaniuliza, "Bei gani?"

Nikalia na kucheka pamoja. Mama akaja mbio. Nikamuuliza, "Huyo daktari wa Malindi hakuuliza kama anakoroma?"

"Aliuliza."

"Ukasemaje?"

"Nikasema analala kama watu." Akanikazia macho. "Nimwambie mgeni mambo ya kitanda cha mume wangu? Mimi nimelelewa."

Na Baba mwenyewe alikuwa amenyamaza, kwa sababu mpaka leo anasema hakoromi.

Sikungoja. Jioni hiyo hiyo tulikuwa kwa daktari wa hapa Garsen, wote watatu, vidonge mkononi mwangu. Akauliza swali lile lile. Baba akasema, "Hapana." Mama akaangalia sakafu. Nikabonyeza simu.

Mkoromo ulijaa chumba, ukapita mlangoni mpaka kwenye benchi la wagonjwa. Mtu huko nje akauliza, "Jamani, nani ameingiza ng'ombe?" Halafu kile kimya kikaja, na hakuna aliyecheka. Daktari aliangalia saa yake mpaka mwisho, pale ninapopiga kelele.

"Mzee," akasema, "wewe umelala saa nyingi lakini hujapumzika. Ukilala, koo linalegea, njia ya hewa inaziba. Ubongo unakushtua uvute pumzi, unalala tena. Hivyo hivyo usiku kucha, na asubuhi hukumbuki. Ndiyo maana unasinzia mchana. Sasa vidonge hivi vinaweza kulegeza koo zaidi, na yule anayekushtua navyo vinamlaza."

"Yaani nimemlevya mlinzi," Baba akasema polepole, "na mwizi yuko ndani."

"Kabisa. Viache. Nitampigia aliyekuandikia. Kuna wenye shida hii wanaopewa dawa ya kulala, lakini wakishapimwa na wakiangaliwa. Wewe ulale ubavu, na uende Mombasa ukapimwe. Kuna mashine ya kupuliza hewa, ukivaa unalala vizuri."

Baba akakunja uso. "Mombasa kwa ajili ya kukoroma? Watu watasema nini? Hiyo ya simu ni mara moja tu. Nilikuwa nimechoka."

Nilitaka kupasuka. Nikafungua mdomo, lakini Mama akaniwahi. Alifunga mtandio vizuri kama anayeenda kutoa ushahidi.

"Daktari, andika," akasema. "Kunyamaza kwangu kule Malindi, leo kungeniacha mjane. Anakoroma tangu mtoto huyu hajazaliwa. Ananyamaza, nami namhesabia. Nikifika kumi na tano nampiga kiwiko. Ramadhani nilimpiga mpaka mkono ukavimba, nikamwambia dada yangu nimeanguka kisimani. Anaamka kichwa kinamuuma. Anasinzia kwenye chakula. Wageni wakilala kwetu nawaambia ni jenereta ya jirani."

"Jirani hana jenereta," nikasema.

"Wewe nyamaza, nasema mimi. Daktari, mwaka ule tulipokwenda Kulesa kwa ndugu zake..."

Daktari aligeuza karatasi akaendelea upande wa pili. Baba alimwangalia mkewe kama amemwona jana tu. Halafu akamwangalia mkono.

"Kumbe ulikuwa unanihesabia?"

"Kila usiku."

Nje watu wa benchi walikuwa wamesogea mlangoni bila aibu. Mama akavuta pumzi aendelee, "Sasa ile siku ya harusi ya..."

"Basi!" Baba akanyoosha mkono kwa daktari. "Lete hiyo barua ya Mombasa. Naenda. Lakini huyu mama asifike harusini."