Miguu Yangu Haikuwa na Matende

Nyinyi mnaonisikiliza, hasa mliovaa mabaibui mapana ili mfiche kitu, mie nilikuwa mkulima wa mwani hapa kisiwani Makoongwe. Bamvua likija, maji yakikauka, nashuka wa kwanza na kamba zangu begani, mdomo haufungi. Anayenijua anajua, sinyamazi.

Baada ya mtoto wa pili miguu ilianza kunenepa. Mapaja, magoti, mpaka vifundoni, yote miwili sawasawa, na juu mwili mwembamba. Nyama laini, ndani ina vipunje kama mchele, ikiguswa inauma. Mtoto akinikalia najikaza nisilie. Naamka nina madoa ya buluu, wala sikujigonga popote.

Mama mkwe wangu, Bi Mize, alinitazama akasema, "Haya matende, mwanangu. Umeyapata kwenye maji ya mwani."

Kwetu matende tunayajua, dawa zake tunaletewa mpaka mlangoni. Mguu ukivimba hakuna anayeuliza mara mbili. Dawa nikameza, na bahari nikakatazwa.

"Mama, mbona nikiwa ndani ya maji ndipo ninapopata nafuu?"

"Ndivyo yanavyokuhadaa." Akazichukua kamba zangu akazificha. Mume wangu Faki akakubaliana na mama yake, ikawa amri.

Basi nikafungika. Nawasikia wenzangu wakipita kwenda pwani, wanacheka, mie nipo mkekani. Harusini siendi, viti vya kukodi vinanibana. Nikaambiwa nakula sana, nikapunguza. Ramadhani nilifuturu uji na tende basi. Mashavu yakaingia ndani, kifua kikaisha, miguu haikupungua hata kidogo. Nyumba ilikuwa imenifunga, na ndani ya nyumba miguu imenifunga tena. Niliichukia. Kuna siku nilimuomba Mungu ikatwe tu.

Siku moja nilisujudu nikashindwa kuinuka. Magoti yalikataa. Bi Mize ndiye aliyenishika kwapani, akaniinua, na yeye mwenyewe akasema, "Twende spitali."

Tulivuka hadi Mkoani, tukapata daktari mwanamke. Alinivua viatu, akamgeukia Bi Mize. "Mama, hebu mfinye ngozi ya juu ya kidole hiki cha mguu."

Bi Mize akafinya. Ngozi ikainuka.

"Mguu wenye matende ya unene huu ungekuwa mgumu hapo, haufinyiki. Na wayo ungevimba. Huyu mafuta yameishia kifundoni kama amevaa bangili. Hii ni lipidema. Mafuta yanajikusanya yenyewe, wala si kwa ulafi. Haiambukizi, na maji hayana kosa. Mara nyingi hurithiwa. Mama yako mzazi, miguu yake ikoje?"

Nikamkumbuka marehemu mama, alivyokuwa akijitanda kanga miguuni hata kwenye joto. Nililia kwa hasira. Alikufa akidhani ni aibu yake.

"Nitapona?" nikauliza.

"Haitoki yote. Kuna upasuaji wa kuyafyonza mafuta, hapa kwetu sijauona. Lakini maumivu tutayapunguza. Vaa soksi za kubana, sugua taratibu kuelekea juu, usikae tu. Na ukipata maji ya kufika mapajani, tembea ndani yake. Yanabana mguu kila upande."

Bi Mize aliinamisha kichwa. "Maji ya bahari?"

"Hayo hayo, mama."

Bamvua lililofuata alinitolea kamba zangu uvunguni mwa kitanda chake. Akajifunga kibwebwe, akanishika mkono mpaka maji yakanifika mapajani. Nilisimama pale, maumivu yakatulia, sikufunga hata mche mmoja wa mwani. "Nisamehe, mwanangu," akasema. Nilikuwa nimeshamsamehe tangu aliponiinua kwenye mswala.

Namshukuru Mungu, na namshukuru yeye. Nawe uliye ndani, itazame miguu yako. Ikiwa yote miwili minene, inauma, inavilia damu bila sababu, na nyayo ni nyembamba, usijinyime chakula wala usijifiche. Nenda ukaulize. Ukijibiwa ovyo, uliza tena.

Miguu yangu bado minene, na soksi hizi kwa joto letu ni adhabu. Lakini bamvua likija halinikuti ndani.