Dirisha la Stoo na Unga wa Mzazi

Stoo yetu iko chini ya ardhi. Nyumba tunayokaa hapa Takoma Park, Amerika, ni ya zamani, chini yake kuna besmenti, na ndani ya besmenti kuna chumba kimoja kisicho na kazi nyingine duniani ila kumfurahisha Mama. Magunia ya mchele, maharagwe, tende, samli, makopo ya tui la nazi yaliyopangwa mpaka darini. Mama hununua chakula kama mtu aliyenong'onezwa kwamba maduka yatafungwa kesho. Na tangu nilipotimiza miaka kumi na minne, kazi yangu ni kuhakikisha chumba hicho kina ubaridi na ukavu. Wenzangu darasani wanaambiwa waoshe vyombo. Mimi nimekabidhiwa hali ya hewa.

Asiyewahi kukaa huku mwezi wa Julai atadhani unyevu ni jambo la Mombasa tu. Hewa ya hapa wakati wa joto unaweza kuikamua kama leso iliyotoka kufuliwa. Natoka kituo cha treni mpaka mlangoni kwetu, dakika nane, nafika kama niliyeogelea. Sasa hewa hiyo ikiingia besmenti ikagusa ukuta wa baridi, inageuka maji papo hapo. Kuta zinatokwa jasho, sakafu inateleza, mchele unanuka soksi. Ndiyo maana stoo ina sheria mbili. Ya kwanza, kale kadirisha kake kadogo kasifunguliwe mpaka joto liishe. Ya pili, mashine ya kukausha hewa iwashwe mchana na usiku. Mashine hiyo inafyonza unyevu na kuumwaga kwenye ndoo yake, na ndoo ikijaa lazima mtu akaimwage. Mtu mwenyewe ni mimi.

Miaka miwili niliendesha ufalme huo bila matatizo. Kisha Julai hii akaja Bibi, mamake Mama, kutoka Mombasa.

Alikuja kwa sababu Dada alikuwa mja mzito, mimba yake ya kwanza. Dada anakaa Temple Hills na mumewe, lakini ilishapangwa kwamba akijifungua atakuja kwetu akae siku arobaini, alishwe, akandwe, asiguse hata kijiko. Bibi alishuka na masanduku mawili. Moja lilikuwa la nguo zake. La pili lilikuwa la arobaini: unga wa uji wa mzazi, mtama aliouosha kwa mikono yake, akauanika juu ya dari siku tatu, akaupeleka kusagwa, akauchanganya na pilipili manga, tangawizi kavu, hiliki na uwatu. Mfuko mzima wa kitambaa, mzito kama mtoto wa miaka mitatu.

Unga ule haukuwa unga tu, na nyumba nzima tulilijua hilo. Mama alituzaa sisi wawili hukuhuku Amerika, na mara zote mbili Bibi alinyimwa viza. Arobaini zake Mama alizikalia peke yake, akinywa supu ya kopo. Bibi hajapata kulisamehe jambo hilo, ingawa sijui asiyesamehewa ni nani, ubalozi au supu. "Huyu hatapitwa," alisema siku ile ile aliyofika, akimwekea Dada kiganja tumboni. Na mfuko ukashushwa stoo.

Wiki ya pili, asubuhi moja, nikakuta dirisha liko wazi.

"Bibi, nani kafungua?"

"Mimi. Stoo imebanwa pumzi. Chakula chataka upepo."

"Huu si upepo, Bibi. Haya ni maji yanayotembea."

Akacheka mpaka akakaa. "Ondoka hapa, mke mwenzangu. Kawatanie wenzako."

Hapo ndipo palipokuwa na shida yangu yote. Mimi na Bibi ni watani, kama walivyo bibi na wajukuu wote kwetu. Ananiita mke mwenzake, ananituhumu kwamba namwibia mume, na mume mwenyewe, babu yangu, alishafariki kabla sijazaliwa. Mimi nami sikai kimya. Wiki ya kwanza nilimwambia kile kidude cha dari ya jikoni, cha kunusa moshi, kinarekodi masengenyo na kuyapeleka serikalini. Siku mbili nzima alisengenya kwa ishara za mikono. Nilimwambia kindi wa uani wanahesabiwa kila mwaka na ni kosa kutowaamkia. Akawaamkia. Kwa hiyo nilipomwambia kwamba dirisha linaloingiza hewa ndilo linaloleta maji, alinitazama kama unavyomtazama mtu anayekuuzia kindi.

Nikafunga. Akafungua. Nikafunga. Akafungua, na mara hii akaliwekea kijiti lisijifunge.

Akaja akaivamia na mashine. Aliweka kiganja nyuma yake, akakirudisha haraka. "Yatoa moto!"

"Ndivyo ilivyo, Bibi. Inakausha."

"Chumba chataka ubaridi, nyinyi mwaweka jiko?" Akaichomoa kwenye umeme. Mimi natembea na mantiki yangu yote na yeye anatembea na plagi.

Nikaleta sayansi. Nilikuwa na kipimo cha unyevu kilichobaki kwenye mradi wangu wa shule. Dirisha likifungwa na mashine ikiwashwa, kinasoma asilimia arobaini na nane. Dirisha likifunguliwa, kinapanda mpaka sabini na tisa. Nikamwonyesha. Bibi akakichukua, akakigeuza, akakitazama mgongoni.

"Hiki kina umri gani?"

"Miaka miwili."

"Mimi sabini na tatu," akasema, akanirudishia.

Nikajaribu na glasi. Nilijaza maji ya barafu nikaiweka barazani, na kwa muda wa kupiga chafya ikaanza kutiririka kwa nje. "Unaona, Bibi? Huo ndio ukuta wa stoo." Akaipangusa kwa upindo wa leso, akaiinua kwenye mwanga, akamwita Mama amwambie kwamba glasi za nyumba hii ni mbovu, zinavuja.

Mama ndiye aliyekuwa tegemeo langu la mwisho. Mama anahudumia wazee majumbani mwao, na siku anazofanya zamu mbili hurudi nyumbani hana hata nguvu ya kunigombeza vizuri.

"Mama, Bibi anafungua dirisha la stoo kila siku."

"Mwache mamangu. Kasafiri siku mbili."

"Vitu vitaota ukungu."

"Wewe ndiye uliyemwambia kidude cha moshi kinamrekodi? Leo wataka akuamini?"

"Lakini hii ni kweli!"

"Na ile ulimwambia ni nini?"

Nikagoma. Niliweka funguo za stoo juu ya meza kama waziri anayejiuzulu, na hakuna aliyezitazama. Sikushuka chini siku tano. Nilijua dirisha liko wazi. Nilijua mashine imezimwa. Nje mvua ya radi ilinyesha siku mbili, jua likatoka likaipika mvua yote ikawa mvuke, nami nikakaa chumbani na simu yangu nikisema kimoyomoyo, haya, tuone.

Siku ya sita Dada akajifungua, siku kumi kabla ya wakati. Mtoto wa kike, wote wazima. Mama akapiga simu kutoka hospitali akilia na kucheka. "Kesho adhuhuri tuko nyumbani. Mwambie Bibi aandae uji."

Bibi akapiga vigelegele pale pale jikoni, chini ya kidude cha moshi. Tukashuka pamoja, yeye mbele na sufuria, mimi nyuma.

Harufu ilitupokea kwenye ngazi. Mfuko ulikuwa sakafuni, umeegemea ukuta chini ya dirisha, pale pale alipouweka mwenyewe ili upate upepo. Upande wa ukutani kitambaa kilikuwa kimeloa na kuingia weusi. Bibi akafungua kamba. Unga ulitoka bonge moja, kama mkate, na juu yake manyoya ya kijani.

Alikaa juu ya gunia la mchele. Hakulia. Alilivunja lile bonge taratibu kwa vidole, akanusa, akavunja tena.

"Katikati bado pazima," akasema. "Tazama. Tutachekecha."

"Hauliwi huo, Bibi."

"Katikati, mwanangu."

"Bibi. Ni wa mzazi. Ananyonyesha."

Akaacha kuvunja. Akaweka kipande chini, akajipangusa mikono, akaitazama ile mashine iliyokaa kimya kwenye kona.

"Hivi ulikuwa ukisema kweli?"

"Nilikuwa nasema kweli."

"Mbona ulikuwa ukisema huku wacheka?"

Nikaufunga mfuko kamba.  Tulikuwa na saa ishirini na mbili tu mpaka Dada afike.

Kilichopona ni kopo moja la biskuti. Bibi alilifunga kwa utepe kabla ya safari, na ndani alitia viungo vya akiba ambavyo havijasagwa: pilipili manga, vipande vya tangawizi, hiliki, uwatu. Vilikuwa vikavu vinalia kopo likitikiswa. Mtama ndio hatukuwa nao. Baba alipotoka kazini akatupeleka kwenye duka la Wahabeshi, Bibi akaingiza mkono kwenye kila mfuko wa nafaka mpaka mwenye duka akaanza kutufuata nyuma. Alipoupata mtama aliouridhia, tulirudi tukaupeta, tukauosha, tukauanika juu ya mashuka chumba cha kulala cha Mama, feni mbili zikivuma. Jioni tukaukaanga kavu kwenye karai kidogo kidogo. Kusaga tulisaga kwa blenda, ikinguruma kama pikipiki, na Bibi akichekecha, na kila chenga iliyobaki juu ya chekecheke akinirudishia: "Tena." Nilisaga mpaka mikono ikafa ganzi. Kila nilipofikiri tumemaliza: "Tena."

Mama alirudi kubadilisha nguo, akanusa, akashuka besmenti, akapanda.

"Nani kafungua dirisha?"

"Mimi," akasema Bibi bila kuinua kichwa. "Na huyu alinikataza."

Ulikuwa ushindi wangu wa kwanza tangu Julai na ningeweza kuuchukua nikaenda nao. Kilichonishinda ni kuiona mikono ya Bibi, unga mpaka viwikoni.

"Nami nilijua liko wazi," nikasema. "Siku tano. Nikanyamaza kwa makusudi."

Mama akatutazama mmoja mmoja, mamake kisha mwanawe. "Akili zenu moja," akasema, akaenda kuoga.

Dada aliingia adhuhuri, akitembea kama aliyebeba mayai, mtoto amezongwa nguo mpaka pua. Bibi hakumtazama mtoto kwanza. Alimkalisha Dada, akamtia bakuli mkononi, akasimama mbele yake kama askari.

Dada akapiga funda la kwanza. Macho yakamtoka. "Bibi, unawasha!"

"Ndiyo kazi yake. Kunywa, usinitazame."

Akanywa. Jasho likamtoka juu ya midomo. Alifika chini, akakwangua kwa kijiko, na kabla hajasema kitu akanyoosha bakuli aongezwe. Bibi alilipokea kwa mikono miwili, akaelekea jikoni, na nilimsikia huko akipenga kamasi kwa muda mrefu.

Hapo ningependa kumaliza, lakini kulikuwa na unga wa siku thelathini na tisa wa kuhifadhi, na Bibi hakutaka kusikia habari ya stoo. Alizunguka nyumba nzima akibandika kiganja kwenye kuta. Kuta za sebule zilikataliwa, na jikoni kuna mvuke. Akaingia chumbani kwangu, ambako kuna kiyoyozi kinachovuma tangu mwezi wa Mei, akapapasa ukuta, akafungua kabati langu, akapapasa na humo.

"Hapa," akasema. "Pakavu, pana baridi. Toa hizi nguo."

"Bibi, hicho ni chumba cha mtu."

"Basi mtu na ahame."

Sikuhama, ila nguo zangu zilihama. Ziko kwenye maboksi sakafuni mwa kabati, chini ya makopo manne ya unga. Kila alfajiri Bibi huingia bila kubisha, hupima vikombe viwili, huangalia kama dirisha langu limefungwa, hunikemea kama halikufungwa barabara. Shule imefunguliwa. Uwatu umeingia kwenye mashati, kwenye begi, nahisi mpaka kwenye majibu yangu ya hesabu, na uwatu unanukia sawasawa na ile asali ya mti ambayo watu wa huku humwagia chapati za maji asubuhi. Wiki ya kwanza nzima watu kwenye basi waliuliza nani kabeba staftahi, na mimi nikitazama nje. Kwenye arobaini zimebaki siku ishirini na sita.