Nguzo ya Mwajabu na Wageni Thelathini na Mmoja

BUSI, KONDOA. Jua halijafika juu ya kilima, na Mwajabu binti Sefu yuko ndani ya tope mpaka magotini. Anakanyaga, anageuka, anakanyaga tena. Kaniki ameikaza kiunoni, na kila baada ya hatua tatu anatazama mawingu upande wa mashariki kama mtu anayemtazama mkwe asiyempenda.

Kando yake, ndani ya tope hilohilo, anakanyaga Jumbe Shaaban, mkubwa wa kijiji, kanzu ikiwa imekunjwa mpaka mapajani.

“Kisigino, Jumbe,” anamwambia. “Unakanyaga kama unaogopa kuliamsha.”

“Nakanyaga, dada.”

“Unalipapasa.”

Mwajabu, mwenye umri wa miaka hamsini hivi, ni fundi wa dari. Kazi hiyo ameifanya tangu alipofiwa na mume, mavuno kumi na sita yaliyopita. Ujira wake kwa dari moja ni pishi sita za uwele na kuku mmoja. “Na kuku mwenyewe,” anasema, “siku zote ni yule aliyekwisha kuacha kutaga.”

Kwa msomaji wa pwani, aliyezoea makuti, ni vema kueleza kwamba tembe la huku halina paa la mgongo. Dari yake ni bapa: boriti, juu yake fito, juu yake nyasi, kisha udongo. Watu huanika nafaka huko juu, na wengine huanika hata maneno ya jirani. Udongo ukiwa wa kichuguu, uliokanyagwa pamoja na majivu, mvua huteleza ikaenda zake. Ukiwa wa kandokando ya korongo, ambao kuuchota hakuchoshi, maji yakija huutambua kuwa ni wa kwao, nayo huurudisha.

Kila mwaka kabla ya mvua dari hupakwa upya. Lakini miaka miwili mfululizo mvua ilikataa kunyesha, na Mwajabu alipopita nyumba kwa nyumba kutafuta kazi, Jumbe alimwuliza, “Ya kuzuia nini dari hiyo, dada? Vumbi?” Watu wakacheka sana. Wengine walifika hata kuchomoa boriti moja moja wakapikia.

Mwaka huu watu waliomba mvua kwa nguvu. Waislamu walisoma dua uwanjani. Wazee wa kimila walichinja kondoo mweusi kilimani. Jamaa wachache wa misheni wakapiga magoti nao. Hakuna kundi lililowaambia wenzake, kwa hiyo mvua ikaja ya makundi yote matatu kwa pamoja. Matone ya kwanza walibishana ni mvua ya nani. Siku ya nne, korongo lilipovunja kingo, mvua ilikuwa yatima.

Maji yaliingia kijijini alasiri. Watu walifanya kama walivyofanya babu zao: walipanda juu ya nyumba na kuku wao, watoto wao na vilindo vyao vya magome vyenye mbegu. Lakini dari zilikuwa zimelowa kama maandazi kwenye chai. Zilibonyea moja baada ya nyingine. Jumbe aliingia kwake kwa mara ya kwanza bila kupitia mlangoni, amekumbatia kilindo, akasimama ndani ya maji yaliyomfika kifuani.

“Nilimsikia akisema bismillahi akiwa juu,” anasimulia Mishi, mke wake. “Neno lililofuata nililisikia kutoka chini.”

Hakufa mtu, ila mashamba yote ya bondeni yalikwenda. Katika nyumba kumi na moja ilisimama moja tu, ya Mwajabu, iliyo mwinukoni na yenye dari ya kichuguu. Kufika magharibi ilikuwa na wageni thelathini na mmoja, na vilindo vyao juu ya dari. Wa mwisho alikuwa Mazengo, mfugaji wa Kigogo aliyekuwa njiani kwenda Chemba.

“Mbukwa, mama,” alisalimu mlangoni. “Nina mbuzi wachache.”

“Ingia na wachache,” Mwajabu alimjibu. “Wale wengi waambie wangoje nje.”

Hawakungoja. Walikuwa kumi na tisa, na mmoja alikula mkeka.

Maji yalipungua siku ya sita. Wageni hawakupungua. Na hapo ndipo Mwajabu alipoona jambo lililomnyima usingizi: nguzo ya kati, inayobeba boriti zote, ilikuwa imepasuka. Ufa uliingia kidole. Juu ya dari kulikuwa na vilindo vyote vya kijiji, mbegu ya mwaka mzima, na mawingu yalikuwa yanarudi. Dari ikilowa tena na mzigo ule, ingeshuka juu ya watu na mbegu kwa pamoja. Ilibidi vilindo vihamishwe, lakini vihamishiwe wapi? Hapakuwa na dari nyingine.

Akawaita wote. “Dari mpya tuanze na nyumba ya nani?”

Kwa kawaida swali hilo huleta ugomvi. Safari hii lilileta adabu.

“Anza na wajane,” alisema Jumbe. “Kiongozi hungoja wa mwisho.”

“Mjane hapa ni mimi, na nyumba yangu ndiyo mliyoikalia.”

“Mimi mpita njia tu,” alisema Mazengo.

“Siku ya kumi na mbili unapita. Hata kobe angekwisha kufika Chemba, akarudi kutusalimu.”

Mishi ndiye aliyesema kweli. “Hapa tunapika kwa zamu, wifi. Zamu yangu ni siku ya nane. Kwangu zamu yangu ni kila siku. Unanifukuzia nini?”

Kuhusu ufa, walisema nguzo imezeeka tu, na wazee hupasuka visigino bila kuanguka.

Mahali pa heshima katika tembe ni penye nguzo ya kati, na hapo Jumbe alikuwa ameegemea tangu siku ya kwanza. Mwajabu alichukua ujiti wa fagio, akauchomeka kwenye ufa, juu kidogo ya kofia ya Jumbe, akaondoka.

“Unafanya nini ujiti huu?” aliuliza Jumbe.

“Unangoja.”

“Unangoja nini?”

“Ufa ukipanuka, ujiti utaanguka. Wewe pumzika. Hapo ndipo pa heshima.”

Asubuhi nzima Jumbe alikula akitazama juu. Adhuhuri ujiti ulimwangukia kwenye bakuli la uji. Alichukua jembe akaelekea kwenye kichuguu, na kijiji kizima kikamfuata, maana hakuna aliyetaka kuparithi mahali pake pale penye nguzo.

Mwajabu akiulizwa kama aliushindilia ujiti ule sawasawa, anainamia tope. “Ufa ulikuwa wa kweli,” anasema. “Ujiti nao ulikuwa na haraka zake.”

Leo wako kwenye dari ya tano. Mchana vilindo vinateremshwa kwa Mwajabu na kupitishwa mkono kwa mkono mpaka kwenye nyumba nne zilizokamilika. Mazengo anabeba viwili viwili huku akilalamika kwamba Mgogo hakuumbiwa kubeba uwele ambao si wake. Cha mwisho kinaingia kwa Jumbe, na mvua inaanza.

Inanyesha mpaka alfajiri. Wageni wakiwa katika nyumba mpya, Mwajabu analala peke yake, mkono mmoja kwenye nguzo, akiisikiliza inavyolia. Asubuhi nguzo imesimama, na dari tano mpya hazijavuja hata tone.

Bado nyumba tano. Zikiisha, kabla ya palizi, anakusudia kubadilisha nguzo yake. Mti ameshauchagua, mgunga ulio nyuma ya kilima, mnene, wenye miiba ya urefu wa kidole.

“Utauchonga vipi na miiba hiyo?” Mishi anamwuliza.

“Nitauchonga juu na chini,” anajibu Mwajabu. “Katikati, pale unapofika mgongo wa mtu, nitauacha kama Mungu alivyouumba.”