Kidole cha Mzee Kombo

Ukimpelekea Shamsudin gari linalochemsha, siku hizi atakwambia kanunue sensa mpya. Watu wa Chalinze wanasema fundi wao kaingiwa na tamaa. Zamani hakuwa hivyo. Sensa inayoiamrisha feni ya rejeta ikifa, alivuta waya mpaka ndani ya gari, akafunga swichi ya taa za nyumbani chini ya usukani. "Mshale wa joto ukipanda, bonyeza," alimwambia dereva, na kazi ikaisha.

Hata gari lake mwenyewe alilifanya hivyo. Likienda mbio, upepo wa njiani uliyapoza maji ya rejeta. Likitambaa, upepo haupo, lazima feni izunguke. Baba yake, Mzee Kombo wa Fukayosi, alikaa kiti cha mbele kila Ijumaa na aliijua swichi ile vizuri. Alipenda kuinyooshea mkono na kuibonyeza yeye. "Uzee huu, nimekuwa utingo wako!" alitania.

Masika yaliyopita Shamsudin aliliacha gari kwa baba yake, likizuka la kuzuka liwasaidie. Likazuka kweli: mzee alipatwa na kiharusi, ulimi ukafunga. Jirani yao, Twalib, alishika usukani, mzee akaketishwa kiti chake cha mbele, na Habiba, dada yake Shamsudin, akakaa nyuma yake kumshikilia, safari ya hospitali Bagamoyo. Njia ilikuwa tope tupu, wakawa wanatambaa. Mshale ukapanda. Twalib wa watu, nani alimwambia habari ya swichi? Habiba naye hakuijua. Walimpigia simu Shamsudin. Ililia ndani ya koti, mwenyewe yuko chini ya lori. Mvuke ulipofunika kioo walisimama, wakangoja injini ipoe. Mzee hakuweza kungoja.

Siku ya pili ya msiba Habiba alimfuata kaka yake barazani.

"Kaka, tumshukuru Mungu. Baba kaondoka vizuri. Kusema hawezi, lakini kidole cha shahada kakinyoosha njia nzima. Tukawa tunamtamkia shahada, mimi na Twalib."

"Alikinyoosha juu?"

"Mbele, kule chini ya usukani. Twalib akaona atamzuia kuendesha, basi mimi nikawa naurudisha mkono kifuani. Anaunyoosha tena, naurudisha tena. Mpaka ukalegea. Imani iliyoje, kaka!"

Shamsudin alitaka kupiga ukelele. Akamtazama dada yake: tangu maziko, leo ndiyo kwanza uso wake umetulia, na mkono uliomzuia baba umelala pajani, hauna habari.

"Alhamdulillahi," alisema.

Kila aliyekuja kuhani alisimuliwa habari ya kidole kile, na kila mara Habiba aligeuka kwa kaka yake athibitishe. Naye alithibitisha.