Pepopunda Niliyoipata Nikifunga Amortisa

Asanteni kwa kuja. Nitaongea polepole, na mtanisamehe nikinyamaza katikati. Sauti mnayoisikia siyo ile niliyozaliwa nayo. Koo langu lilitobolewa, na bado linachoka haraka. Muuguzi wa zahanati hii ndiye aliyeniomba niwaeleze yaliyonipata. Nilimwambia sina nguvu ya maneno mengi. Akanijibu, "Papa, sema tu vile ilikuwa." Basi nasema vile ilivyokuwa.

Mimi ni Issa. Nimezaliwa Buyenzi, na sasa nakaa Kibenga na mke wangu Zaina na watoto wetu wawili. Nauza vitenge. Kabla ya haya nilikuwa mtu wa kubeba. Robota la vitenge nililiweka begani peke yangu, nikalipeleka mpaka garini huku napiga soga. Wateja wangu wengi wako Gatumba, mpakani, akina mama wanaovusha mali kwenda Kongo. Mnaijua ile barabara. Maji yakipanda na kushuka, yanaacha matope, mashimo na mavi ya ng'ombe. Gari langu, Toyota ya zamani, lilikuwa limekwisha upande wa chini. Kila shimo tumbo lake liligonga ardhi, nami mgongoni nasikia.

Mdogo wangu anayeishi Ubelgiji akanitumia amortisa mpya, zile shokomzoba za gari, za mbele na za nyuma. Hazikuwa za kawaida. Springi yake imevishwa juu ya bomba lenye meno kama ya skrubu, na chini yake kuna pete. Ukiizungusha pete kwa ufunguo wake, gari linapanda au linashuka upendavyo. Vijana wengine huzifunga ili gari lilale chini, lipendeze. Mimi nilitaka lipande, livuke maji ya Gatumba.

Ningeweza kuwapa mafundi wa Buyenzi, wapo wazuri. Lakini tangu ujana napenda kufungua vitu na kuvifunga. Nikaangalia video kwenye simu mpaka Zaina akanicheka. Jumapili moja nikamwita Dezire, jirani yangu, dereva wa familia moja ya Kinindo. Tukapandisha mbele ya gari kwa jeki, tukaliweka juu ya vigingi vya chuma, tukatoa magurudumu.

Upande wa kulia ulitoka vizuri. Tulifungua nati tatu za juu, chini ya boneti, kisha bolti mbili kubwa za chini zinazoshika kitovu cha gurudumu. Amortisa ya zamani ikatoka ikivuja mafuta, mpya ikaingia. Tulipiga kelele kama watoto. Upande wa kushoto, bolti moja ikagoma. Kutu ilikuwa imeishika. Tukaimwagia mafuta, tukaipiga nyundo. Bado.

"Apana, iyi imekufa," Dezire alisema. "Tumuite fundi."

"Ngoja kwanza," nikasema.

Nikachomeka bomba refu kwenye mpini wa spana ili nipate nguvu, nikavuta kwa uzito wangu wote. Spana ikaruka. Mkono wangu wa kulia ukaenda mpaka ndani ya tao la gurudumu, pale bati lilipokuwa limepasuka na kujaa matope makavu ya Gatumba. Bati likaniingia chini ya kifundo cha mkono. Halikuwa jeraha kubwa. Damu ilitoka kidogo, tundu lilikuwa dogo kama punje ya mahindi, ila lilikwenda ndani. Nikaliosha kwa petroli, nikafunga kitambaa, tukaendelea. Bolti ilitoka jioni. Amortisa zote mbili za mbele zikakaa. Za nyuma tukaziacha mpaka Jumapili nyingine.

Kidonda kilifunga haraka. Nilikisahau kabisa.

Siku kadhaa baadaye nikiwa nakula mkate asubuhi, taya zikachoka. Ndivyo ninavyoweza kusema, zilichoka, kama mtu aliyetafuna muwa kutwa nzima. Zaina akasema ni jino. Kesho yake shingo ikakaza. Nikasema ni kulala chini ya gari. Mgongo nao ukaanza kuuma, nikasema ni kuinama. Kila kitu nilikipatia sababu kwenye kazi ile ya Jumapili, isipokuwa sababu yenyewe. Nilikunywa dawa za maumivu, nikaenda dukani, nikarudi mapema kwa sababu nilikuwa natoka jasho bila joto.

Kisha kumeza kukawa shida. Chai ilirudi kwa pua. Mdomo ulifunguka kidogo tu, kidole kilipita kwa taabu. Nikajilaza sebuleni. Binti yetu Sumaya akaja akasimama mbele yangu, akaniangalia sana.

"Papa, unacheka nini?"

Sikuwa nacheka. Uso ulikuwa umejivuta wenyewe, midomo imetanuka, meno yako nje. Nilitaka kumwambia sicheki, na maneno hayakutoka.

Mama yangu akaja kutoka Buyenzi. Aliponiona alishika kichwa. "Wamemroga. Ni huko Gatumba, wamemuona biashara inakwenda." Akamleta mzee mmoja wa kunisomea dua. Simlaumu mama, wala yule mzee. Alisoma kwa upole, na mimi nilisikiliza kwa moyo wote. Tumbo langu lilikuwa gumu kama ubao. Akiwa bado anasoma, pikipiki ikapita nje ikapiga honi.

Hapo mwili ukanikamata. Mgongo ulipinda kama upinde, nikabaki nimegusa godoro kwa kisogo na visigino tu. Meno yaliuma ulimi, damu ikajaa mdomoni. Pumzi ilisimama. Na akili, ndugu zangu, haikuondoka. Nilisikia kila kitu. Nilimsikia Sumaya anavyolia. Nilihisi kila msuli unachanika, na sikuweza hata kuguna.

Ulipolegea, Zaina alikuwa amesimama na kanga mkononi. Akamwambia mama yangu, "Mama, nakuheshimu, unajua. Lakini huyu mutu wangu mi nampeleka hospitali sasa hivi."

Mama aliinuka. Kisha akasema, "Basi twende wote."

Gari langu lilikuwa uani, pua juu, mkia chini. Zaina hakuweza kuliendesha, na hakuna aliyetaka kuligusa. Dezire akamwomba tajiri wake ruhusa, akaja na gari la kazini. Aliendesha kama amebeba mayai. Hata hivyo kila tuta lilinirudishia ule mshiko wa mwili. Nakumbuka alikuwa akisema peke yake, "Pole, Issa. Pole. Pole tena."

Hospitalini alinipokea daktari mwanamke, mtu wa maneno machache. Akajaribu kunifungua mdomo, akashindwa. Akapitisha kijiti cha mbao katikati ya meno mpaka nyuma kooni. Mtu mwenye afya angetapika. Mimi taya zikakiuma kijiti, zikakataa kukiachia. Akatazamana na muuguzi.

"Amejikata wapi?"

"Hana kidonda, dokta," Zaina akajibu.

Dezire alikuwa mlangoni, kofia mkononi. "Dokta, samahani. Mukono wa kuume. Ile siku ya bolti."

Wakaugeuza mkono. Chini ya kifundo kulikuwa na kigaga kidogo cheusi, kikavu. Daktari akakifungua kwa kisu. Ukatoka usaha wenye harufu, na ndani yake kipande cha kutu chembamba kama ukucha wa mtoto.

"Ni tetanosi," akasema. Ndiyo hiyo pepopunda. "Sindano ya kinga alipata lini?"

Zaina hakujua. Yeye alichomwa kila alipokuwa na mimba, kliniki walimhimiza. Mimi nani angenihimiza? Wote wakamgeukia mama. Mama alikaa chini kwenye sakafu.

"Alipokuwa mutoto mudogo tulikuwa tunakimbia vita," alisema. "Leo hapa, kesho kule. Nani angepeleka mutoto kwenye sindano?"

Daktari alimshika bega, akaenda kutafuta dawa.

Wakanipa dawa ya kupambana na sumu ya tetanosi, wakasafisha kidonda mpaka kwenye nyama nzima, wakanilaza chumba cha pembeni. Dirishani walitundika blanketi. Masikioni walinitia pamba. Mwanga ulinishika, sauti ilinishika, kuguswa kulinishika. Mlango ukigongwa, mwili unapinda. Sinia likianguka koridoni, mwili unapinda. Dawa za kulegeza misuli zilinipa usingizi mzito, na ndani ya usingizi huo bado niliwasikia wauguzi wakija. Mate yalinijaa, sikuweza kuyameza, ikabidi wayavute kwa mpira. Mkojo ulitoka kwa mpira. Walinivalisha nepi, mimi, baba wa watoto wawili. Siku moja pumzi ikakata kabisa, koo limejifunga. Ndipo walipolitoboa, hapa, mnaona kovu, wakaweka kibomba ili hewa iingie.

Watu huniuliza kuhusu maumivu. Maumivu yalikuwepo, makali. Lakini kilichonimaliza ni uchovu. Kila mshiko ulikuwa kama kubeba mzigo mlimani mbio, na ukifika juu unarudishwa chini kuanza tena. Sikuwa nimefanya kazi yoyote, nimelala tu, na nilichoka kuliko nilivyowahi kuchoka maishani. Kuna wakati niliomba nichukuliwe. Sikuomba kwa hasira, wala hofu haikuwepo tena. Nilitaka kupumzika, basi.

Zaina aliketi mlangoni bila viatu. Kila aliyekuja alimwashiria kwa kidole anyamaze. Aliwaomba wafagizi wasiburute ndoo. Wagonjwa wa chumba cha jirani walimwona mkali, wakamzoea, wakaanza kunyamazishana wao kwa wao. Wauguzi ndio waliomfundisha kunitangazia kabla ya kunigusa. Akawa anasema kwa sauti ndogo kabisa, "Baba Sumaya, nitakugusa mguu." Anangoja. Kisha ananigusa. "Sasa nitakupangusa uso." Anangoja tena. Mwili wangu ukajifunza kumngoja. Mkono wake ulikuwa wa kwanza kunigusa bila kunipindisha, na siku hiyo machozi yalinitoka mpaka yakaingia masikioni.

Sikupona ghafla. Mishiko ilianza kupungua, kisha ikawa midogo, kisha nikashangaa asubuhi imepita bila mmoja. Blanketi la dirishani likafunguliwa pembe, nikaona mwanga. Kibomba kikatolewa. Uji wa kwanza ulichukua muda mrefu kiasi kwamba ulipoa kabla sijafika nusu bakuli. Nilipokaa kitandani nikaona mapaja yangu, sikuyatambua. Kusimama nilisimamishwa na watu wawili, na nilitembea kama mtu wa mbao.

Kabla ya kuniruhusu, daktari akaja na sindano. Nikamwambia kwa sauti hii ya mikwaruzo, "Dokta, si nimeshaugua? Mwili si umeshazoea?"

"Apana, papa," akasema. "Tetanosi haiachi kinga. Kesho ukijikata tena, inaweza kurudi vilevile."

Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kusema. Na nyingine zilizofuata nilizifuata mwenyewe, nikitembea kwa fimbo.

Nyumbani, Dezire alikuwa amekataa kulimaliza gari bila mimi. Akaniwekea kiti uani, nikakaa na blanketi miguuni, nikimwelekeza kwa kidole. Alivaa glavu nene, na alishachomwa sindano. Za nyuma akazifunga kwa asubuhi moja. Wiki chache baadaye akanipeleka Gatumba kwa gari hilo. Lilipita kwenye mashimo bila kugonga popote. Dezire alinitazama, akingoja nifurahi. Nilimwambia limekaa vizuri, na ni kweli. Lakini nilikuwa nimechoka, nikamwomba tugeuze.

Bado nachoka. Asubuhi shingo inakaza, na robota sibebi tena, nimemwajiri mtu. Sauti kubwa ya ghafla inanitoa jasho. Daktari anasema itaisha polepole. Namwamini.

Namshukuru Mwenyezi Mungu. Nawashukuru wale wauguzi ambao sikuwahi kuwaona vizuri kwa sababu ya giza, ila nazijua sauti zao. Namshukuru Dezire aliyekumbuka kidonda ambacho mwenyewe nilikuwa nimekisahau. Namshukuru mama, aliyekubali kuinuka na kwenda. Zaina yuko pale nyuma, hapendi nimtaje, kwa hiyo nitaishia kwenye jina lake.

Ninyi mnaofungua magari uani, mnaolima, mnaojenga, mnaotembea peku: ukichomwa na chuma, na mti, na chochote chenye uchafu, osha kwa maji mengi na sabuni, petroli siyo dawa. Kisha njoo hapa uoneshe kidonda siku hiyohiyo, hata kama ni kidogo, hata kama hakiumi. Na kinga usingoje mpaka ujikate. Wake zetu wengi wamechomwa. Sisi wanaume ndio tuliobaki. Ukiona taya za mtu zinakaza, usimtafutie aliyemroga, mpeleke hospitali. Kama unataka kumsomea, msomee njiani.

Muuguzi ameshaandaa sindano zake za kinga, na naona baadhi yenu mmeanza kukunja mikono ya shati. Hiyo inanitosha. Miguu imeniishia, nipisheni nikae.